Maliza Kichwa Kwanza

Tulimwacha Vidole, msusi wetu, katikati ya saluni, mkoba begani, mguu mmoja tayari umeelekea nje. Alikuwa anakwenda kumchukua mdogo wake waongozane hadi ukumbi wa mji. Mlango ukafunguliwa kabla hajaufikia, na aliyeingia ni mke wa Meya.

Ndiyo, msomaji. Mke wa Meya, Meya yule yule ambaye mji mzima unagombana kwa ajili yake. Mhudumu wa chai wa ofisini kwa Meya anasema Meya alimrushia chupa ya chai ya moto ikamuunguza mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Meya anasema binti aliteleza kwenye zulia akajimwagia mwenyewe.

Mhudumu huyo wa chai ni mdogo wake Vidole, tumbo moja. Na leo saa nane kamati ya madiwani ingemsikiliza.

"Nimekuja kusuka," alisema mke wa Meya.

Hata Kasuku, msusi wa kiti cha dirishani, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, alinyamaza.

"Karibu, mama, karibu sana!" Madamu, mwenye saluni, alikuwa keshapangusa kiti. "Kasuku atakushughulikia sasa hivi."

"Nataka Vidole."

"Mimi natoka, mama," alisema Vidole.

"Saa nane bado iko mbali, mwanangu. Nisuke za kawaida tu, za kurudi nyuma. Kwa mkono wako ule utamaliza na muda utabaki."

Madamu alimvuta Vidole hadi kwenye sinki la kuoshea nywele, akafungua bomba ili maji yafunike maneno.

"Leseni ya saluni hii inatoka ofisi ya nani?"

"Madamu, leo ni siku ya mdogo wangu."

"Nimekuuliza, ofisi ya nani?"

"Ya Meya."

"Basi suka. Usinitie njaa na watoto wangu."

Vidole akaweka mkoba chini. Hapo ndipo alipokosea.

Maana saluni ile ina sheria moja, na Madamu huwaambia wasusi siku ya kwanza kabla hata hawajaonyeshwa choo kiko wapi. Aliyeanza kichwa ndiye anayekimaliza. Hakiachwi nusu, wala hakipokelewi na mkono mwingine. Kila msusi na mvuto wake, huyu anakaza, yule analegeza. Wakichanganya, mteja anatoka kichwa kimelalia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

Alianza kufumua. Rasta alizokuwa anazifumua alizisuka yeye mwenyewe, kwenye kiti hiki hiki. Alizikumbuka. Angezisahau vipi?

Alikuwa amefika nusu ya kichwa hiki siku ile simu ilipolia. "Dada, nimeungua." Alitaka kukimbia hospitali palepale. Mke wa Meya, bila ubaya wowote, huku anaangalia kucha zake, alimwambia: "Maliza kwanza, mwanangu. Hospitali haihami."

Akamaliza. Alipofika hospitali, mdogo wake alikuwa amefungwa bandeji na amelia peke yake mpaka akachoka.

Sasa alifumua, akaosha, akakausha, akachana. Akachora njia ya kwanza.

"Nimebadili mawazo," alisema mke wa Meya kwenye kioo. "Nataka ndogo. Ndogo kabisa, kama nyuzi."

Kichana kilisimama hewani.

"Mama, hizo ni za kutwa nzima. Mpaka jioni."

"Mimi sina haraka."

Vidole alimtazama kwenye kioo. Mke wa Meya alitazama pembeni. Vidole akamgeukia Madamu. Madamu alikuwa ghafla na kazi kubwa sana ya kupanga chupa za mafuta.

Alikuwa amenaswa. Kichwa kilishaanzwa.

Redio ya saluni, kama redio zote za mji siku hiyo, ilikuwa kwenye kipindi cha maoni. Mada: Je, Meya wetu ana tabia ya uongozi?

"Halo, uko hewani."

"Mimi nasema hivi, mtu aliyetujengea soko lenye paa hawezi kumrushia mtu chai. Haiwezekani. Paa lile linanionyesha moyo wake."

"Asante. Mwingine."

"Mimi nimesoma naye. Alikuwa mkali tangu utotoni, lakini mkali wa mapenzi."

"Mwingine."

"Mbona hatuulizi huyo binti analelewa na nani? Tabia ya Meya tunaijua. Tabia ya binti je?"

Vidole alivuta uzi mpaka mke wa Meya akauma meno.

"Taratibu, mwanangu."

"Samahani, mama."

"Hata mimi nina maoni," alisema Kasuku, simu sikioni tangu asubuhi. Kasuku ni shabiki wa Meya, haogopi kusema, ana picha yake kwenye droo ya vichana. "Napiga, napiga, inatumika. Wanaopata laini ni watu gani hawa? Kila siku ni wale wale! Mimi nataka tu niseme huyu baba ni mstaarabu, na mke wake mstaarabu. Si alikunywa soda kwa mkono wangu hapa hapa?"

Hapo wasusi wote walipumua kwa nguvu. Habari ya soda ya Kasuku hakuna asiyeijua. Mke wa Meya alipokuja kusuka mara ile, alimtuma Kasuku soda ya machungwa, na alipoinywa akasema, "Mwanangu, umenipoza." Kasuku amewasimulia wateja, majirani, mama mkwe, na mgonjwa mmoja aliyelala kitanda cha jirani hospitalini. Kizibo cha soda ile anacho mpaka leo.

Simu ya Vidole ikatetemeka mfukoni. Aliibana kati ya sikio na bega, mikono ikiendelea kusuka.

"Dada, uko wapi? Nimekungoja nyumbani mpaka nikachoka. Nimekuja mwenyewe."

"Nakuja."

"Wamenikalisha chumba cha pembeni. Kuna mtu kaja kuniambia nikisema niliteleza, kesho narudi kazini na mambo yanaisha. Nikikataa, watanishitaki nimemchafua kiongozi." Sauti ilishuka. "Dada, unanijua. Mbele za watu mdomo unanikauka. Ulisema utakaa mstari wa mbele nikuangalie wewe tu."

"Nitakaa. Usiseme chochote mpaka unione. Umenisikia, mdogo wangu? Chochote."

"Fanya haraka."

Vidole alitazama kichwa. Rasta nyembamba zilikuwa zimefunika upande wa kushoto. Upande wa kulia nywele zilisimama zote, kichaka kitupu.

Ndipo mtangazaji akapaza sauti. "Wasikilizaji, tunaingia moja kwa moja ukumbi wa mji, Meya mwenyewe yuko mbele ya kamati!"

Sauti ya Meya iliingia, nzito, ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kupigiwa makofi.

"Ndugu mwenyekiti, mimi simlaumu binti. Ni kama mwanangu. Aliteleza. Na siku ile mke wangu alikuwepo ofisini kwangu, aliona kwa macho yake. Ndiye aliyemwinua, ndiye aliyempaka dawa. Mkitaka, atakuja kusema mwenyewe."

Makofi ukumbini.

"Haya sasa!" Kasuku aliruka. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Mke wake alikuwepo! Mama huyu hapa aliona kwa ma..."

Akasimama katikati ya neno. Alimtazama mke wa Meya. Alitazama kiti.

"Lakini mama," alisema polepole, "siku ile si ulikuwa hapa?"

Mashine ya kukaushia nywele iliendelea kuvuma juu ya kichwa cha mteja mmoja aliyesinzia.

"Si ndiyo siku Vidole alipopigiwa simu kwamba mdogo wake kaungua?" Kasuku aliendelea. "Mimi nimetoka kukununulia soda, naingia nayo, namkuta Vidole analia huku anasuka. Ulikuwa hapo hapo ulipokaa. Soda ya machungwa, mama."

"Kasuku!" Madamu alipiga meza kwa kichana. "Hapa hakuna anayekumbuka kitu. Siku ile ilikuwa siku kama siku nyingine. Tunasuka nywele, hatusuki kesi."

"Mimi sisemi kesi, Madamu, nasema soda."

"Hakukuwa na soda!"

Kasuku aligeuka taratibu kuelekea dirishani, na mtu angesema kamwagiwa maji ya baridi.

Simu ya mke wa Meya ililia. Alisikiliza tu. Alipoishusha mkononi, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Hakuniuliza," alisema, kama anajisemea. "Anataka niende sasa hivi. Hakuniuliza hata kidogo."

Vidole alichukua mkoba.

"Unakwenda wapi?" Madamu alisimama mlangoni. "Umemuona mama kichwa chake kilivyo? Maliza kichwa kwanza!"

"Nilimaliza mara ya kwanza, Madamu."

"Ukitoka na kichwa nusu, usirudi hapa. Nakwambia usirudi!"

Vidole alikichomeka kichana kwenye nywele za mke wa Meya, palepale rasta zilipoishia na kichaka kinapoanza, akatoka.

Alikimbia. Na hapa, msomaji, nakuomba ukimbie naye, uone adhabu aliyopewa. Mtaa mzima redio zote zilikuwa kituo kimoja. Hakupitwa na neno hata moja.

Kwa fundi viatu alisikia mwenyekiti akiuliza, "Binti, jina la baba yako tunalijua, huna haja ya kutaja. Uko peke yako?"

Kwenye duka la dawa, sauti ya mdogo wake, ndogo kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: "Namngoja dada yangu."

"Dada yako alikuwepo chai ilipomwagika?"

"Hapana."

"Sasa unamngojea nini?"

Ukumbi ulicheka. Muuza dawa naye alicheka. Vidole alimpita akitamani kumtupia mkoba.

"Nakuja!" alipiga kelele barabarani. "Usiseme! Nakuja!" Watu waligeuka kumtazama mwanamke anayebishana na redio.

Kwa fundi cherehani: "Tunakuuliza mara ya mwisho. Meya alikurushia chai, au uliteleza?"

Fundi aliinua mguu kwenye cherehani ili asikie vizuri.

Vidole alikimbia, kiatu kimoja kimefunguka, pumzi inamchoma mbavuni.

Kwenye bucha, mwenye bucha kashika kisu juu ya nyama, hakati, redio ikasema kwa sauti ya mdogo wake:

"Niliteleza."

Vidole alisimama. Aliinama akashika magoti. Hakulia. Alikuwa na hasira hata machozi hayakupata nafasi.

"Si nilisema!" mwenye bucha alimwambia mteja wake. "Si nilikwambia aliteleza? Watu wanapenda kuchafua viongozi." Kisu kikashuka.

Gari jeusi lilisimama pembeni. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mke wa Meya alikuwa amejifunga mtandio kichwani, upande mmoja umelala, upande mwingine umetuna.

"Panda."

"Umeridhika?" Vidole alimuuliza. "Ulitumwa kunishika, umenishika. Mwanamke mzima unatumia nywele zako kama kamba."

"Nilitumwa, kweli. Panda. Tunapoteza muda."

Alipanda. Dereva, baba wa makamo asiyependa maneno, alikanyaga mafuta.

"Mimi sikujua atanitaja," alisema mke wa Meya. "Aliniambia tu nikae kwenye kiti mpaka jioni. Nikasema, kukaa kwenye kiti si dhambi."

"Mama, mimi sikuombi umseme mumeo. Sikuombi useme alirusha chai, hukuona. Sema ulikuwa wapi. Basi. Sema tu ulikuwa kwenye kiti."

"Nina watoto kwake, Vidole."

"Na mimi nina mdogo wangu. Mkono wake wa kulia haukunjiki. Kijiko anashika kwa kushoto."

Mke wa Meya alitazama nje ya dirisha. Gari lilipita soko lenye paa.

"Siku ile nilikuambia umalize kwanza," alisema. "Usiku sikulala. Nilikuwa nimependeza, na sikulala."

"Basi sema hilo."

Alimshika Vidole mkono. Aliubana. "Nitasema nilikuwa wapi."

Vidole alimwamini. Wewe ungefanya nini?

Kwenye ngazi za ukumbi watu walimpisha mke wa Meya kama maji. Vidole alifuata nyuma yake. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Wewe unaenda wapi?"

"Niko na huyu mama."

"Huyu mama ni shahidi. Wewe ni nani?"

"Dada wa binti!"

"Binti keshamaliza. Mlango unafungwa."

"Kaka yangu, tafadhali, niache nikae tu mstari wa mbele..."

"Dada, usinifukuzishe kazi."

Mke wa Meya aligeuka mara moja, akamtazama Vidole juu ya bega la mlinzi. Kisha mlango ukafungwa.

Vidole alipiga ule mlango kwa viganja mpaka vikamuuma. Alirudi chini, akaona mahali pamoja tu pa kwenda. Dereva alikuwa amefungua mlango wa gari na redio inaongea. Alikaa kwenye kiti cha mbele bila kukaribishwa. Dereva hakumzuia.

"Mama, karibu," alisema mwenyekiti redioni. "Hatutakuchosha. Siku ile ulikuwa wapi?"

Kilisikika kiti kikiburutwa. Kikohozi cha mtu. Vidole alikuwa amekunja ngumi mapajani, midomo yake inamsemea yule mama kimya kimya: kwenye kiti, kwenye kiti, kwenye kiti.

"Siku ile sikwenda popote," alisema mke wa Meya. "Nilikuwa ofisini kwa mume wangu tangu asubuhi. Binti aliteleza."

Makofi. Mtu alipiga mluzi.

Dereva alitazama usukani.

"Na wewe ulimpeleka saluni siku ile," Vidole alimwambia, sauti imeisha. "Ulikaa nje ya dirisha letu kutwa nzima. Unajua."

"Mimi ni dereva," alisema yule baba. "Nina familia."

"Kila mtu ana familia! Mji mzima una familia! Mdogo wangu peke yake ndiye hana?"

Dereva aligeuza uso kwenye kioo cha pembeni.

Mwenyekiti alitangaza kwamba kamati inajitenga kidogo kisha itarudi kulifunga suala hili moja kwa moja. Mtangazaji akachukua kipaza sauti kwa furaha ya mtu aliyeshiba.

"Wasikilizaji, basi mmesikia wenyewe. Kamati ikiwa inamalizia, tuna nafasi ya simu moja tu. Moja! Halo, uko hewani."

Kwanza ilisikika mashine ya kukaushia nywele ikivuma. Vidole aliinua kichwa.

"Halo? Nimepata?" ilisema redio. "Mungu wangu, nimepata! Nimepiga tangu asubuhi!"

"Umepata, dada. Unamwambia nini Meya wetu?"

"Kwanza mimi ni shabiki wake. Waandike hilo. Kura yangu alipata, na picha yake ninayo kwenye droo."

"Safi sana!"

"Kasuku!" sauti ya Madamu ilisikika kwa mbali. "Kata hiyo simu! Leseni yangu! Kata, nasema!"

"Niache, Madamu! Nimesimulia watu mji mzima, mpaka mama mkwe. Leo mke wake anasema hakwenda popote. Kwa hiyo mimi ndiyo muongo? Mimi?"

Mtangazaji alisita. "Dada, sijakuelewa. Muongo wa nini?"

Dereva alinyoosha mkono kwenye redio. Vidole alidhani anaizima, akaurukia ule mkono kwa mikono yake miwili. Lakini kitufe kilikuwa kinazunguka upande mwingine. Sauti ilipanda mpaka vioo vya gari vikatetemeka, na watu waliokuwa kwenye ngazi za ukumbi wakageuka wote.

"Wa soda," alisema Kasuku. "Nina kizibo chake hapa mkononi."